Nyumba Zilizojengwa Ziungue

Asiyekujua hakuthamini, walisema wahenga. Kwa methali hii mtu hudhani kwamba anayekujua, huyo hatakudhuru. Maisha ya Antonin Raymond, msanifu wa majengo, yaitia dhana hiyo mashakani.

Raymond aliwasili Japani mwishoni mwa mwaka 1919, kumsaidia Frank Lloyd Wright katika ujenzi wa Hoteli ya Imperial mjini Tokyo. Akaishi humo miaka mingi. Kwa maseremala wa nchi ile alijifunza namna mbao zinavyoungwa, namna mlango wa karatasi unavyoteleza, namna ukubwa wa chumba unavyohesabiwa kwa mikeka ya tatami.

Vita vikaja. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mkemia Louis Fieser na wenzake waliigeuza petroli ikawa rojo linalonata na kuwaka kwa muda mrefu, wakaliita napalmu. Fieser ndiye yule yule aliyeiunda maabarani, mwaka 1939, vitamini K, isaidiayo damu kuganda.

Lililobakia lilikuwa kujua nyumba za watu zitashikaje moto. Mwaka 1943 jeshi la Marekani likajenga vijiji viwili katika jangwa la Dugway, jimboni Utah. Katika kile cha Kijerumani alishiriki Erich Mendelsohn, Myahudi aliyewakimbia Wanazi. Cha Kijapani alikabidhiwa Raymond. Mikeka ikatandikwa, samani zikapangwa, na ndani hamkuwa na mtu. Nyumba zikachomwa, zikajengwa upya, zikachomwa tena, huku wapimaji wakiandika.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, ndege zaidi ya 270 ziliimwagia Tokyo mabomu ya moto. Safari hii ndani ya nyumba mlikuwa na watu. Wapatao 100,000 walikufa, na zaidi ya milioni moja wakakosa makazi.

Baadaye Raymond alieleza kwamba kazi ile haikuwa nyepesi kwake, kwani aliipenda Japani. Ila aliamini kuwa njia bora ya kuvimaliza vita ni kushinda upesi. Mwaka 1948 alirejea Tokyo, akaanza tena kujenga.

Hapana sababu ya kuutilia shaka upendo wake. Aliijua nyumba ya Kijapani, na aliithamini. Ndiyo maana jeshi lilimwita yeye.