Jiwe la Mugere

Sisi wakazi wa Zone Industrielle tunaijua Mugere kwa umeme, kwani mto wake una kituo cha umeme kinacholisha Bujumbura. Kijiji chenyewe kiko kilomita 12 hivi kusini mwa mji. Hapo lipo jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe 25-XI-1871.

Wageni wengine huambiwa kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana. Si kweli. Walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini kuchunguza kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia. (Wanaoishi mdomoni mwa mto, nadhani, hawakuhitaji msafara kulijua hilo.) Mugere walilala usiku mbili tu.

Kinachonikera ni jiwe lenyewe. Stanley, mzaliwa wa Denbigh huko Wales, yumo. Waliovuta makasia toka Ujiji hawamo, wala chifu Mukamba aliyewapokea, ingawa Stanley mwenyewe alimtaja kitabuni mwake. Darasa la sita tuliandikishwa majina mawili. Wadogo zangu nimeshawaandikia la tatu.