Kobe Halii

Nyumbani kwetu tunafuga kobe. Majira ya mvua yaliyopita tuliona wekundu kwenye mkunjo wa ngozi, kati ya shingo na mguu wake wa mbele. Mbuzi akiumia hulia, mbwa hubweka. Kobe hurudi tu ndani ya gamba lake. Asiyemtazama kwa makini hatajua kwamba anaumwa.

Jirani alitushauri tumpake mafuta ya mawese. Tulimshukuru, lakini hatukuyatumia, kwa kuwa mafuta hunasa uchafu na unyevu. Tuliondoa majani mabichi aliyolalia, tukaosha ngozi kwa maji ya vuguvugu, tukaipangusa kwa iodini iliyozimuliwa hadi rangi ya chai hafifu, kisha tukaikausha. Kila mara tulinawa mikono kwa sabuni, maana kobe aweza kubeba vijidudu viletavyo kuhara. Tulifanya hivyo siku kwa siku, hata ngozi ikatulia. Kama ingevimba au kutoa usaha, au kama angeacha kula, tungempeleka kwa daktari wa wanyama.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimkabidhi mtu bustani ili ailime na kuitunza. Kutunza huanza kwa kutazama. Katika vikundi vyenu yupo pia kijana asiyelalamika: huketi nyuma, husema ni mzima, kisha huondoka peke yake. Jumapili hii, ni nani kati yenu atakayeketi karibu naye?