Kilomita 79 kwa Saa

Leo nataka tuangalie namba moja tu: 79.

Kanuni za marehemu John Michuki, zile za 2003 zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha kila matatu ifungwe kidhibiti mwendo ili isipite kilomita 80 kwa saa. Sasa fikiria matatu inapita Outer Ring Road hapa Donholm saa tano usiku, barabara ikiwa tupu, kwa kilomita 79. Kidhibiti kimeridhika kabisa. Lakini sheria ya trafiki inasema mwisho wa mwendo ndani ya mji ni 50! Kikomo cha kidhibiti kinaangalia gari lina kasi gani, hakiangalii liko wapi. Kwake Mtito Andei na Donholm ni mahali pamoja.

Utaniambia kilomita 29 za ziada si kitu. Haya, tupige hesabu, ile fizikia ya sekondari tuliyodhani haitatufaa.

Chukua magari mawili yanayoenda sambamba, moja kwa 50 na jingine kwa 79. Mtoto anaingia barabarani. Madereva wote wawili wanachukua sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, na breki zote ni nzuri, zinapunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde, kila sekunde. Gari la 50 linasimama baada ya mita 28 hivi. La 79 linahitaji mita 56. Mara mbili! Lakini penye uchungu si hapo. Jiulize, pale gari la kwanza liliposimama, la pili lina kasi gani? Jibu ni kilomita 72 kwa saa. Katika ile sekunde ya kushtuka limeshakula mita 22 bila breki kuguswa, na mita 6 zilizobaki haziwezi kulifanya lolote. Mtoto akiwa mita 29 mbele, gari moja linasimama karibu kumgusa, jingine linamgonga kwa mwendo wa barabara kuu. Na hapo nimempa dereva lami kavu na tairi mpya. Matatu ngapi unazozijua zina tairi mpya?

Wakazi wa huku hawahitaji kuelezwa. Outer Ring ilikuwa barabara nyembamba ya njia mbili. Ikapanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kilomita 13 za njia pana kutoka Thika Road kushuka hadi upande wa Embakasi. Foleni ikapungua, nashukuru. Lakini lami ilifika mapema na madaraja ya waenda kwa miguu yakaja nyuma yake, na mtu anayetoka nyumbani kwenda steji ng'ambo ya pili hakuacha kuvuka kwa sababu barabara imekuwa pana. Alivuka tu, sasa akikimbia.

Je, data tunayo? Hili ndilo swali letu sisi watu wa kompyuta, na jibu lake linashangaza. Hesabu ya vifo yenyewe ina matatizo. Kwa mwaka wa 2016, takwimu rasmi za Kenya zilikuwa vifo 2,965. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2018, lilikadiria vifo vya mwaka huo huo kuwa 13,463. Rudia kusoma hizo namba mbili. Hata ukisema makadirio yao yametiwa chumvi, ukayakata nusu, bado tofauti ni ya maelfu ya watu waliozikwa bila kuingia kwenye jedwali lolote.

Na hata waliohesabiwa, wapi hasa waligongwa? "Outer Ring Road" si mahali, ni kilomita 13.

Hapa ndipo kuna kazi moja ninayoipenda sana. Watafiti wa Benki ya Dunia walichukua twiti 874,588 za habari za barabarani Nairobi, hasa zile za Ma3Route, ambako wengi wetu tulizoea kuripoti foleni na madereva wakorofi. Wakaifundisha kompyuta kutambua ni twiti gani inazungumzia ajali, kisha itafute mahali pake kwenye ramani. Ukiwa umewahi kuandika programu ya kusoma maandishi ya Wakenya utaelewa ugumu wake. Mtu anaandika kwamba kuna ajali karibu na Donholm, magari hayasongi mpaka Mutindwa, afadhali upitie Jogoo Road. Mahali patatu katika sentensi moja, na ajali ni moja! Kompyuta inabidi ijue kwamba neno "karibu na" lina uzito kuliko "mpaka". Ongeza Sheng, ongeza tahajia za mtu anayeandika gari likiruka matuta, ongeza majina ya vituo vya petroli yaliyobaki kuwa majina ya steji baada ya kituo chenyewe kubadilisha mwenyewe.

Walifaulu. Matokeo yao ya 2021 yana ripoti 32,991 za ajali zilizopata mahali pake, za kuanzia 2012 hadi 2020. Wakaziunganisha zile zinazozungumzia tukio moja wakabaki na ajali 22,872. Walifanya na jambo ambalo wengi wetu hatufanyi: waliwatuma watu wa pikipiki kwenda kuangalia kama ajali ipo kweli pale kompyuta iliposema, na asilimia 92 zilikuwa sahihi. Halafu ikaja namba iliyonifanya niketi wima: nusu ya ajali zote walizozipata ziko kwenye vipande vya barabara ambavyo havifiki asilimia 1 ya mtandao wa barabara za jiji.

Chini ya asilimia 1! Kwa lugha yetu, huhitaji kuandika upya programu nzima, mdudu yuko kwenye mistari michache.

Ninajua dosari yake. Twiti huandikwa na mwenye simu, mwenye bando, aliyekwama kwenye foleni ya ajali. Mzee aliyegongwa na bodaboda ndani ya mtaa alfajiri, akabebwa na majirani, hakusababisha foleni, kwa hiyo hayumo. Ramani hii inaona barabara kubwa vizuri kuliko vichochoro. Lakini ukilinganisha na kutokuwa na ramani kabisa...

Sasa turudi kwenye kasi. Mhandisi yeyote kijana akiona tatizo hili atasema: tufunge kifaa cha setilaiti ndani ya kila matatu, data imfikie mwenye gari kwenye simu, dereva atapunguza. Hilo lilishajaribiwa hapa hapa Nairobi. Watafiti waliweka vifaa kwenye matatu 255, na wenye magari waliochaguliwa kwa bahati nasibu wakapewa programu ya simu inayowaonyesha gari liko wapi na linaendeshwaje. Wenye magari waliitumia vizuri sana. Gharama za kutengeneza magari zilishuka, faida ikapanda. Na usalama wa abiria? Haukubadilika. Ulibadilika kidogo pale watafiti walipowalipa madereva wenyewe pesa kidogo waendeshe polepole.

Mimi sishangai. Dereva ana tageti ya kupeleka jioni na kinachobaki ndicho chake. Mwenye gari anataka tageti na gari zima. Hakuna hata mmoja kati yao anayevuka Outer Ring kwa miguu pale gari linapopita.

Linganisha na jaribio jingine, la James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Hakuna setilaiti wala seva. Ni stika! Walibandika ndani ya matatu zaidi ya 1,000 za safari ndefu ujumbe unaomhimiza abiria apaze sauti dereva akienda mbio. Kisha wakaenda kuangalia madai ya bima. Yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Walipolirudia kwa ukubwa zaidi, matokeo ya 2015 yalikuwa madogo zaidi, yakipungua kwa robo hadi theluthi moja. Kwa gharama ya stika, nani atalalamika?

Tofauti ni nani aliyepewa habari. Abiria ana shingo yake mle ndani. Hebu basi tumpe zaidi ya stika: kioo kidogo juu ya kichwa cha dereva, namba kubwa inayoonyesha kasi ya gari na kikomo cha barabara hiyo, ikigeuka nyekundu. Simu kuukuu inatosha kwa kazi hiyo. Sitaki kionyeshe wastani, maana wastani wa Jogoo Road umejaa foleni ya asubuhi na unaficha ile 79 ya saa tano usiku. Namba ya sasa hivi, mahali hapa.

Mwenda kwa miguu naye hana kiti cha kupigia kelele. Kwake dawa ni tuta. Ghana waliweka matuta kwenye makutano ya Suhum, barabara ya Accra kwenda Kumasi, na vifo vikapungua kwa asilimia 55 hivi. Tuta halihitaji bando wala halipokei chai.

Kazi ninayoanza nayo ni ndogo. Kwenye OpenStreetMap kila kipande cha barabara kina nafasi ya kujaza kikomo cha kasi, inaitwa maxspeed, na programu ya kioo haiwezi kufanya lolote nafasi hiyo ikiwa tupu. Fungua ramani utafute barabara ya mtaani kwako. Kama pako wazi, nenda kwa miguu, soma kibao, urudi ujaze. Mimi nachukua kutoka Donholm kushuka Savannah. Wa Umoja na Buruburu, nyinyi je?