Mahali pa kuoga, kutoka Sake hadi Walikale

Wamama wenzetu, safari hii hatukwenda kutazama mashamba. Tulipanda pikipiki Sake, tukashika barabara ya Mushaki, na katika kila nyumba iliyotupokea tuliomba kuonyeshwa mahali pa kuoga. Wenyeji walicheka. Masisi mgeni huonyeshwa ng'ombe na fromaji, si dushi.

Mvua ikinyesha kule juu, kilima kizima kinateleza. Dushi nyingi tulizoziona ni mbao nne na bashi, chini mawe mawili ya kusimamia. Maji ya sabuni yanajitafutia njia, na njia yenyewe mara nyingi inapita nyuma ya jikoni. Mama mwenye mimba anaoga hapo alfajiri, bado giza, akishika ukuta kwa mkono mmoja. Tuliambiwa habari ya jirani aliyeanguka akiwa wa miezi saba. Mtoto alipona. Mkono wa mama haujanyooka hadi leo.

Tulipouliza kwa nini watu hawatengenezi sakafu, jibu lilikuwa moja: tutatengenezaje mahali ambapo kesho tunaweza kukimbia? Wengi wamerudi tangu kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, na waliyoyaacha nyumbani hawakuyakuta. Swali lao ni la haki. Lakini mama mmoja, karibu na Masisi-centre, alikwisha kulijibu kwa mikono yake. “Bashi wataiba, mbao watachoma,” alisema. “Sakafu nitaikuta.”

Ya kwake ina mita moja kwa mita moja na nusu kasoro. Alichimba udongo laini wote akautoa, akashindilia mawe, juu yake akamwaga zege la simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kisha lipu ya simenti moja kwa mchanga tatu, na hapo ndipo kazi yote ilipo: kila mita inashuka sentimita 2 kuelekea tundu la maji. Alipima kwa kamba na nivo ya kuazima. Kabla ya kubandika karo alimwaga kikombe cha maji na kutazama, palipotuama, alirudia. Alifunika kwa magunia yaliyolowa siku saba, maana simenti ikikauka haraka inapasuka. Mfuko mmoja wa kilo 50 ulimtosha.

Karo zake ni vipande vilivyovunjika, vimeletwa kutoka Goma ndani ya gunia. Kwetu sisi vinazidi karo nzima za kung'aa: kipande kidogo kinafuata mteremko, na mguu wenye sabuni unashika kwenye maungio. Karo kubwa laini iwekwe sebuleni. Maji yanatoka kwa tiyo mpaka shimo lililojazwa mawe, si shimo la choo (lingejaa upesi), na chemchemi iko mbali zaidi ya mita 30.

Baada ya Nyabiondo baridi inakwisha, msitu unaanza, na barabara inakuwa matope ya kumeza magari. Kwa sababu hiyo simenti ni ghali sana Walikale. Kuna miaka ambapo ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe, Kilambo, kuchukua kasiterite. Utajiri uliondoka kwa ndege, mfuko wa simenti unakuja kwa kusukumwa. Lakini mto Lowa una mchanga na mawe ya mviringo bila kulipa mtu. Wamama wa huko wanapanga mawe hayo bapa, wanajaza simenti katikati tu. Mteremko ni ule ule. Karo hawana, na hatukuona hasara, isipokuwa moja: kwa unyevu wa msitu sakafu inaota ukungu wa kijani, inabidi kusugua kwa majivu na brosi kila juma.

Hao wa Walikale wamegeuza likirimba yao. Kila mwezi, badala ya pesa mkononi, mmoja anapokea mfuko wa simenti, na wengine wote wanakuja kubeba mawe. Wameanza na wenye mimba na wamama wazee. Walipotuaga walikuwa wamefika nyumba ya tano, na mawe ya nyumba ya sita yalikuwa tayari kando ya mto.