Kusugua kwa Kiasi

Ndugu mwalimu mwenzangu, siku moja nilimpelekea fundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, gari langu ambalo breki ya gurudumu moja ilikuwa ikinata. Akaifungua silinda; ndani mlikuwa na kutu, na pistoni haikurudi vizuri. Akalowesha msasa laini kwa mafuta ya breki, akauzungusha taratibu, akapangusa, akatazama kwenye mwanga, akaijaribu pistoni. Nikamhimiza akaze mkono, kwani kesho yake nilikuwa na safari ya Bugarama, na mteremko wa kurudi ni mkali. Akanijibu, "Mwalimu, chuma nitakachokiondoa sitakirudisha. Tundu likipanuka, mafuta yatavuja, nawe utakosa breki mlimani." Kisha akanionyesha kishimo ambacho msasa haukukifikia, silinda ile akaitupa, nami nikaiahirisha safari hadi tulipopata nyingine.

Nikarudi nyumbani nikiyawaza madaftari ya wanafunzi wangu, waandikao Kiswahili chenye mikwaruzo ya Kirundi. Ni mara ngapi nimesugua kwa wino mwekundu hata nikamwondolea mtoto hamu ya kusema? Naye mtoto hatupwi, wala dukani hapana mwingine.