Nani Aliyeziba Mtaro?

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliikariri nikiwa shule ya msingi kwa ajili ya kupamba insha, kisha nikaisahau pamoja na nyingine nyingi. Haikunipitikia kwamba ingenirudia usiku wa manane, nikiwa nimesimama juu ya meza ya kukatia vitambaa, huku maji yakimfika mjomba wangu magotini.

Ilikuwa Aprili 2024. Mjomba ni fundi cherehani katika mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi, hatua chache kutoka mtoni, na ndiye aliyenipa malazi nilipojiunga na chuo kikuu. Usiku ule tuliokoa alichoweza kukibeba mtu mikononi. Cherehani ya umeme ilizama. Ile ya miguu ilibaki, ila baadaye ilishika kutu. Vitambaa vya sare za shule, ambavyo wateja walikuwa wamekwisha kuvilipia arubuni, vililoa matope yenye harufu ambayo sabuni haikuiondoa. Shule, zilizotarajiwa kufunguliwa mwishoni mwa mwezi huo, ziliahirishwa hadi 13 Mei kwa sababu ya mafuriko. Muda huo wote mjomba alipita mlango kwa mlango akiwaomba wateja wamvumilie. Hata hivyo, sisi tulikuwa na bahati. Msimu huo zaidi ya watu 200 walipoteza maisha nchini.

Mpenzi msomaji, kilichoniuma zaidi si maji bali ni barua. Mwezi wa Januari mwaka huo, baada ya mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 kutuonjesha yaliyokuwa yakija, wakazi wa ploti yetu waliniita. "Wewe ndiwe msomi wetu wa Kiswahili," mjomba aliniambia. "Tuandikie barua itakayosikika." Nami nikaandika kwa mbwembwe zote: mitaro imeziba, takataka zimerundikana, wakazi wametelekezwa. Niliisoma mbele yao, wakapiga makofi.

Afisi ya kwanza iliipokea kwa heshima, ikaipiga mhuri, ikatueleza kuwa mtaro wa kando ya barabara kuu si wake. Afisi ya pili ilikubali kuwa barabara ni yake, lakini ikasema mtaro umejaa taka, na taka ni kazi ya ile ya kwanza. Ya tatu ilituuliza kama tulikuwa tumejenga katika ardhi ya mto. Sisi ni wapangaji, hatukujenga chochote. Hakuna aliyetukataa, na hakuna aliyelishika koleo. Januari ikaisha kwa jua kali, Februari ikafuata, na ilipofika Machi mbingu zikafunguka.

Baada ya mafuriko nilitafuta kujua ni nani aliyekuwa mkweli kati ya wale watatu. Nilipoisoma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 niligundua kwamba kila mmoja alikuwa na mahali pa kusimama. Mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni jukumu la kaunti, na ukusanyaji wa taka vilevile. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu. Ama kukabiliana na maafa, jukumu hilo limetajwa pande zote mbili. Maji, kwa bahati mbaya, hayajaisoma Katiba. Hushuka kutoka barabara ya mmoja, yakaingia mtaro wa mwingine, yakaishia chumbani kwa mjomba.

Fedha nazo zina kalenda isiyopatana na mawingu. Mwaka wetu wa fedha huanza 1 Julai na kumalizika 30 Juni, ilhali masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Bajeti ya kuzibua mitaro ingepaswa kuwa imefanya kazi kabla ya Machi, wakati ardhi imekauka. Lakini magavana wamelalamika mara kwa mara kuwa mgao kutoka hazina kuu huchelewa, na zabuni nayo ina safari yake. Isitoshe, mtaro uliozibuliwa hauna utepe wa kukatwa wala jiwe la msingi. Mafuriko yasiyotokea hayapigwi picha. Kiongozi anayegawa blanketi baada ya maji huonekana. Anayelipia makoleo kabla ya maji haonekani, wala hapigiwi kura kwa ajili hiyo. Ndiyo maana ukuta hupata fedha haraka kuliko ufa.

Mapema Mei serikali iliamuru wanaoishi kando ya mito wahame, na katika Mathare na Mukuru matingatinga yakafuata. Katika redio ya jirani nilisikiliza wanasiasa wakirushiana lawama siku kutwa. Hapo ndipo sikio la mwanafunzi wa sarufi liliponizindua. Fedha zilitengwa. Hatua zitachukuliwa. Maji yamefurika. Fedha zimetumika. Sentensi baada ya sentensi, sikumsikia mtenda! Darasani tulifunzwa kuwa kauli ya kutendwa humficha mtenda, lakini humwachia mlango: ukisema "zilitengwa", mtu anaweza kukuuliza "na nani?" Kauli ya kutendeka huufunga hata mlango huo. Husemi "fedha zimetumika na fulani". Zimetumika tu, kana kwamba zilijitumia zenyewe.

Nikacheka kwa uchungu, kwani niliikumbuka barua yangu. Mitaro imeziba. Takataka zimerundikana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaandikia waheshimiwa sarufi waliyoihitaji.

Maji yalipopungua, vijana wa mtaa waliingia mtaroni kwa makoleo na mikono mitupu. Walitoa chupa, matope, mifuko, godoro zima. Kisha wakavuta fungu refu lililojisokota kama kamba: vipande vya vitambaa, samawati na maruni, rangi za sare za shule mbili za jirani. Watu walinyamaza. Mjomba alisogea, akakishika kipande kimoja, akakigeuzageuza.

"Hivi ni vyangu," alisema. "Mimi ndiye niliyevitupa."

Katika mafuriko yale yote, hiyo ndiyo sentensi ya pekee niliyoisikia ikiwa na mtenda wake. Aliyeitamka alikuwa mtu aliyepoteza cherehani yake.

Sitaki kukiri kwake kugeuzwe ngao ya wakubwa. Vitambaa vya fundi mmoja havikuufurisha mto. Jiji hili, ambalo jina lake limetokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi, lilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 4.3 mwaka wa 2019, na sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa ikinywa mvua sasa imefunikwa kwa lami na saruji. Hilo halirekebishwi na mjomba. Lakini pia sitaki kumwondolea sehemu yake, maana hakuniomba nimwondolee. Alichoomba ni kwamba nami niandike upya.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Ilianza hivi: "Sisi wakazi tulitupa taka katika mtaro huu, na tumeacha." Kisha ikauliza maswali manne. Nani anaumiliki mtaro huu? Nani alipewa fedha za kuuzibua mwaka huu, na kiasi gani? Nani alipewa zabuni? Nani atakuja kabla ya 1 Machi? Tulipeleka nakala kwa afisi zote tatu siku moja, kila moja ikiwa imeandikwa kwamba zile nyingine mbili zimepelekewa. Karani wa kwanza aliisoma mara mbili, akainua macho, akauliza, "Ni nani aliyeandika hii?" Nikamtajia jina langu.

Wenzangu wa Kiswahili, wanafunzi kwa wahadhiri, majirani zetu wanatuita tuwaandikie barua na malalamiko. Tukiitwa, tuwaandikie sentensi zenye watenda. Siku hizi mjomba huweka vipande vyake katika gunia, na jirani mmoja huvichukua kujazia mito ya kulalia. Kila jioni, kabla ya kufunga duka, huuchungulia mtaro, kisha huangalia mawingu.