Mnunuzi Mgeni

Msomaji, huenda siku moja ukawa na kitu cha thamani mkononi na haja kubwa ya fedha mlangoni. Mwenye duka ana rafu, taa na askari wa kumlinda. Wewe utakuwa na simu, picha tatu za kitu chako, na watu usiowajua wakikuuliza bei ya mwisho. Mimi nimeuza vitu viwili kwa njia hiyo katika masoko ya intaneti. Cha kwanza kilinipotea. Cha pili nusura nikinyime mtu mwaminifu, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili linalonikaa zaidi moyoni.

Cha kwanza kilikuwa simu. Mwaka 2018 niliitangaza kwa shilingi 38,500, na mnunuzi akaikubali bei hiyo bila ya kupunguza hata senti. Wakati ule nilidhani huo ni uungwana. Leo naona kwamba mtu asiyekusudia kulipa hana sababu ya kushindania bei. Alisema yumo kazini wala hawezi kutoka, na kwamba atamtuma kijana wa bodaboda. Kijana alifika, na mara ile ile ukaniingilia ujumbe wa malipo ya M-Pesa, wenye maneno yote tuliyoyazoea tangu huduma hiyo ilipoanza nchini mwaka 2007. Nikatoa simu. Kijana akaenda zake, na yamkini yeye naye hakujua ametumwa nini.

Jioni nilikwenda kwa wakala kutoa fedha, nikakuta shilingi 612 nilizoamka nazo. Ndipo nilipousoma ujumbe ule kwa macho ya mtu aliyekwisha kuibiwa, ambayo ni macho makali sana. Haukutoka kwa mtumaji aitwaye MPESA. Ulitoka katika nambari ya mtu, yenye tarakimu kumi kama yako na yangu. Tena ulisema kwamba salio langu sasa ni shilingi 40,260. Fanya hesabu mwenyewe: 612 na 38,500 ni 39,112. Ayari aweza kuiga maneno yote, lakini salio lako halijui, hulibahatisha tu. Mtoto wa darasa la tatu angalimnasa. Mimi sikumnasa kwa kuwa nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hafanyi hesabu.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kushuku kila kitu. Nilijifunza kwamba kupokea fedha hakuhitaji nambari ya siri, basi anayekuomba nambari hiyo ili akulipe anataka kukutoa na wala si kukupa. Nilijifunza habari za wale wanaodai wamekutumia fedha kupita kiasi, wakakusihi uwarudishie iliyozidi, hali hawakutuma kitu. Nilijifunza pia kwamba hata aliyelipa kweli aweza kuomba malipo yarudishwe kwa madai ya kukosea nambari, ndiyo maana muuzaji hana budi kuwa na karatasi ya mauziano yenye sahihi mbili.

Mwaka 2022 mdogo wangu alipata nafasi chuoni, na ada ilitakiwa kabla ya Ijumaa. Nilikuwa na kamera ambayo kwa miaka minne ilikuwa ikinipatia chakula katika harusi za Mombasa. Niliitangaza kwa shilingi 92,000, pamoja na lenzi zake mbili. Wengi waliuliza, wakanyamaza. Mmoja hakunyamaza. Akaunti yake katika soko lile ilikuwa na umri wa siku tatu: haina picha, haina mauzo wala manunuzi, haina mtu aliyemshuhudia kwa wema au ubaya. Alisema yuko Voi, akaniomba niitume kamera kwa basi.

Nilikataa. Nilimwambia kwamba kamera haitoki Mombasa, na kwamba akiitaka tutakutana ndani ya ukumbi wa benki, mchana, katika barabara ya Moi. Nilitazamia kwamba atapotea kama walivyopotea wengine. Badala yake akanipigia simu, na sauti ilikuwa ya mama mtu mzima. Alishindana nami kwa bei kwa siku mbili, mpaka nikashuka hadi 88,000. Hapo nilianza kuwa na tumaini.

Alhamisi alikuja, safari ya kilometa zipatazo 150, akiwa amefuatana na mwanawe mwenye miaka kama ishirini. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akanyosha mkono, akasema, "Mwanangu, kitambulisho chako kwanza." Nilipigwa na butwaa. Aliandika jina na nambari yangu katika daftari la shule, akaomba stakabadhi niliyopewa nilipoinunua kamera, akaigeuza kamera na kulinganisha tarakimu zilizo chini yake na zile za karatasini, moja baada ya moja. Mwanawe alipiga picha kadhaa za dari la benki. Naam, sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba mimi pia ni mgeni kwake, na kwamba yeye ndiye aliyesafiri.

Kisha akalipa. Simu yake ilipokea ujumbe kwamba shilingi 88,000 zimetoka. Yangu haikupokea kitu. Nilipiga *334# ili nitazame salio, jibu halikuja. Nikapiga tena, halikuja.

Msomaji, jiweke mahali pangu. Mbele yangu ameketi mama wa umri wa mama yangu, ananionyesha kwa mkono wake ujumbe wa malipo, na jina langu limo. Basi la kurudi linamngoja. Lakini ujumbe ulioonyeshwa na mnunuzi ndio ulionipokonya simu mwaka 2018, na ada ya mdogo wangu ilikuwa imo katika mfuko ule wa kamera. Nilisema, "Mama, nisamehe. Sitaitoa mpaka nizione fedha kwa upande wangu." Mwanawe alikasirika, akasimama. Yeye hakusema neno. Aliuweka mkono wake juu ya mfuko, nami wangu ulikuwa juu yake tayari, na hivyo tukakaa, mikono miwili juu ya mfuko mmoja, kwa muda wa dakika thelathini na tano. Askari wa benki alikuja kutuuliza kama tunagombea urithi.

Fedha ziliingia. Ujumbe ulitoka kwa MPESA, na salio lilikuwa sawasawa na hesabu yangu, kwani safari hii nilikuwa nimeifanya mapema na kuiandika kiganjani. Tulitia sahihi karatasi mbili, kila mtu akachukua yake. Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno mazuri zaidi, lakini alinitangulia. Aliniuliza, "Ulipata kuibiwa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na mimi," akaufunga mfuko wa kamera, akamkabidhi mwanawe.

Ada ililipwa Ijumaa asubuhi. Jumamosi simu yangu ililia, nikaona nambari ya mama yule, nami kwa hakika moyo wangu ulishtuka, nikadhani amekwenda kudai fedha zirudishwe. Alikuwa anauliza kifuniko cha lenzi kubwa hufungwaje, kwa maana mwanawe alikuwa na harusi saa nane huko Mwatate, naye ameona haya kuniuliza mwenyewe.